Zebaki Haionekani Kwenye Chupa ya Maji: Niliyojifunza Kando ya Mito ya Dhahabu

Katika kazi yangu ya kukusanya sampuli kwenye mito inayopita chini ya machimbo madogo ya dhahabu, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: haya maji yananyweka? Mtu anakuja na chupa aliyoichota asubuhi, anaiinua juani, anataka nimwambie kama ndani yake mna zebaki, ile metali ya majimaji inayotumika kukamata dhahabu. Ni swali la haki kabisa. Lakini hapo ndipo upimaji mwingi unapopotea njia: chupa inapimwa, majibu yanarudi mazuri, kila mtu anashusha pumzi, na tatizo linaachwa pale pale lilipokuwa.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 6 za zebaki isokaboni (ile isiyoungana na kaboni) kwa lita moja ya maji ya kunywa. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Ukipiga hesabu, gramu moja tu ya zebaki, kama ingeyeyuka yote, ingetosha kufikisha kwenye kikomo hicho lita zaidi ya 160,000 za maji. Ila haiyeyuki hivyo. Zebaki ni metali nzito, mara 13 na nusu kuliko maji ya ujazo uleule. Ikimwagika mtoni inazama, inaingia kwenye nyufa za mawe, au inashikamana na chembe za udongo na kusafiri nazo. Ndiyo maana maji yaliyotulia mara nyingi yanasoma chini ya kikomo hata pale unaposikia kwa karibu kelele za karasha, mashine ya kusaga mawe. Tope la chini ya maji hayohayo lina habari nyingine.

Mwalo ndipo mahali pa kuchenjulia, yaani kutenganisha dhahabu na mawe. Mawe yanasagwa mpaka yanakuwa unga, unga unachanganywa na maji na kupitishwa juu ya ubao mrefu ulioinama, uliotandikwa magunia au zulia. Vizito vinanasa, vyepesi vinateremka. Kisha magunia yanakung'utwa ndani ya beseni, zebaki inamiminwa, na mtu anaanza kukanda kwa mikono mitupu. Zebaki inazikamata chembe za dhahabu ambazo jicho haliwezi kuziona. Baada ya hapo inakamuliwa kwa kitambaa: ya ziada inachuruzika kwa matone yanayometa, inarudishwa kwenye kichupa chake, na kitambaani linabaki donge la kijivu, karibu nusu dhahabu na nusu zebaki. Donge linawekwa motoni. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki.

Nimekaa kando ya mabeseni hayo muda mrefu, na niliowaona ni watu wanaoijua kazi yao, wasio na mtaji wa mashine, wanaohitaji dhahabu ya leo ili nyumbani pawe na chakula leo. Zebaki inabebeka mfukoni, haihitaji umeme, na kazi inakwisha kabla jua halijazama. Anayewaambia waiache bila kuwaonyesha njia nyingine anapoteza muda wake na wao.

Kutoka mwaloni zebaki inapita njia mbili. Ya kwanza ni maji. Katika kukanda na kusaga, sehemu ya zebaki inavunjika kuwa matone madogo mno yasiyoungana tena wala kushika dhahabu, nayo yanaondoka na marudio, yaani mabaki ya mchanga na tope yaliyokwisha kuchenjuliwa. Hasara inakuwa kubwa zaidi pale zebaki inapomwagwa moja kwa moja kwenye karasha ili ichanganyike na mawe yote, badala ya kutumika kwenye mchanga mzito uliokwisha kukusanywa. Marudio yanarundikwa ukingoni kwa kuwa maji yako hapo, na mvua kubwa ya kwanza inayashusha mtoni. Njia ya pili ni hewa, kila donge linapochomwa. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayotolewa hewani na shughuli za binadamu. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 iliuweka kwenye takriban asilimia 38 ya jumla. Na kilichopaa kinashuka, sehemu yake karibu na pale pale, kwa vumbi na kwa mvua, kinarudi kwenye mto uleule.

Kama mambo yangeishia kwenye metali iliyolala chini ya maji, madhara yangekuwa madogo kuliko yalivyo. Tope la mito inayokwenda polepole, mabwawa, vinamasi na mashimo ya zamani yaliyojaa maji, halina oksijeni ya kutosha. Humo wanaishi bakteria wanaoibadilisha zebaki kuwa zebaki ya methili, na hiyo ndiyo sumu inayoingia katika vitu vyenye uhai. Vijidudu wa majini wanaipokea, wadudu na samaki wadogo wanawala hao, samaki wakubwa wanawala wadogo, na kila hatua sumu inajilimbikiza kwa sababu mwili unaitoa polepole kuliko unavyoipokea. Kwa samaki mkubwa anayekula wenzake, kiwango kinaweza kufika zaidi ya mara milioni moja ya kile kilichomo ndani ya maji anamoogelea. Hapo ndipo chupa inaposhindwa kusema ukweli. Maji yanasoma kidogo, na kitoweo cha jioni kimebeba sumu ya mto mzima.

Kuchemsha hakusaidii. Kukaanga hakusaidii, wala kukausha kwa moshi, wala kutoa ngozi na mafuta, kwa sababu zebaki ya methili imeshikamana na protini ya mnofu wenyewe. Nimelirudia jambo hili mikutanoni mara nyingi kuliko lingine lolote, maana watu wamezoea, na wamezoea vizuri, kwamba moto unaua kilichomo ndani ya chakula.

Mwili wa binadamu nao unapimwa kwa namna mbili, na kutozitofautisha kumewapotosha wengi. Kwa anayevuta mvuke, tunapima mkojo. Kwa anayekula samaki, tunapima nywele. Nywele zinakatwa kisogoni, karibu na ngozi kabisa, fungu jembamba tu, linafungwa kwa uzi upande wa shina ili maabara ijue wapi ni jana na wapi ni zamani, kisha linalazwa kwenye karatasi. Nywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo sentimita tatu za mwanzo kutoka kwenye shina ni kumbukumbu ya miezi mitatu iliyopita. Ukizigawa vipande unaweza kuuona msimu wa samaki wengi na msimu wa ukame katika kichwa cha mtu mmoja. Akina mama wengine walisita kutoa nywele zao, na walikuwa na sababu zao; tulijifunza kuzikata mbele yao, kuziweka bahasha mbele yao, na kuwaahidi kwamba zitakazobaki baada ya kupimwa zitateketezwa. Majibu tuliyarudisha kwa kila mmoja peke yake. Sampuli ikichukuliwa na majibu yasirudi, mtu ana haki ya kukufungia mlango mara ya pili.

Vipimo vya mishipa ya fahamu ni vya kawaida sana ukivitazama. Mtu anagusa ncha ya pua yake kwa kidole akiwa amefumba macho. Anatembea kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Anachora mzunguko kama kamba iliyokunjwa. Halafu tunammwagia njiti za kiberiti mezani, anazirudisha ndani ya boksi, moja moja, huku saa inahesabu. Mwenye afya anamaliza bila kufikiri. Nimemwona mwanamume wa makamo, mchomaji wa dhahabu mwenye sifa kwa wenzake, akiishika njiti, njiti ikitetemeka, akiikosa tundu ya boksi, akiishika tena. Hakusema neno. Mkewe, aliyekuwa amekaa nyuma yake, ndiye aliyezungumza.

"Mkono si kitu, mwanangu," aliniambia. "Huyu hakuwa hivi. Siku hizi halali, anakasirika kwa jambo dogo, namtuma kitu anafika njiani amesahau. Watu wananiambia ni pombe, na pombe hanywi."

Ninayaandika maneno yake kwa sababu ni maelezo kamili ya sumu ya mvuke wa zebaki: kutetemeka, kukosa usingizi, hasira na woga usiokuwa wa tabia ya mtu, kupotewa na kumbukumbu, pengine fizi kuvimba na mate kujaa mdomoni. Figo nazo huumia. Familia inaona mabadiliko ya tabia muda mrefu kabla hospitali haijaona ugonjwa, na mara nyingi mgonjwa ameshahukumiwa kwa ulevi au kwa ushirikina.

Kisha mama yule akauliza kama naye apimwe, ingawa, alisema, yeye mchanga wa dhahabu hajaugusa hata siku moja. Nikamuuliza donge linachomewa wapi. Jikoni kwake, usiku, kwa kuogopa wezi na upepo. Watoto walikuwa wanalala chumba kilichopakana na jiko, na ukuta wa katikati haukufika kwenye paa.

Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Ukiingia kwenye mapafu, takriban asilimia 80 yake inabaki mwilini. (Linashangaza wengi hili: zebaki ya maji ikimezwa, karibu yote inapita tumboni na kutoka, wakati ile isiyoonekana ndiyo inayokaa.) Haiishi moto unapozimwa. Inaganda kwenye masizi ya paa, kwenye kuta, nguo na matandiko, na joto la mchana linaifufua tena. Sakafu ya udongo iliyodondokewa matone inaendelea kutoa mvuke muda mrefu. Kwa hiyo mama aliyekuwa mbali na mwalo maisha yake yote alikuwa ndani ya kiwanda, akipika, akinyonyesha. Tulipima mkojo wa nyumba nzima. Wa mama ulizidi kiwango cha salama, na wa mtoto mdogo pia.

Tangu hapo, nikifika mahali pageni siulizi kwanza nani anachenjua. Nauliza donge linachomewa wapi, na nani analala karibu. Nauliza pia samaki wanaoliwa nyumbani ni wa aina gani, na nani anakula mara nyingi zaidi.

Mimba ndiyo jambo zito kuliko yote. Zebaki ya methili inavuka kondo la nyuma bila kizuizi, na damu ya kitovu cha mtoto kwa kawaida huwa na kiwango kikubwa kuliko damu ya mama yake. Ubongo unaojengwa hauna kinga dhidi yake. Dunia iliujua ukweli huu kwa gharama ya watu wa Minamata, Japani. Kiwanda cha kemikali cha Chisso kilimwaga mabaki yenye zebaki kwenye ghuba yao kwa miaka mingi, mpaka 1968. Wagonjwa wa kwanza waliripotiwa rasmi Mei 1956, baada ya paka wa mji kuonekana wakiyumba na kuruka ovyo. Watu walikufa ganzi vidoleni na mdomoni, wakashindwa kutembea sawa, upeo wa macho ukabana, kusikia na kusema kukaharibika. Mwanzoni ulidhaniwa kuwa ugonjwa wa kuambukiza, majirani waliwakimbia.

Wakati ule madaktari waliamini kondo la nyuma linamkinga mtoto na sumu. Lakini huko walizaliwa watoto walioumia vibaya kutoka kwa mama ambao wenyewe walionekana wazima au wenye dalili ndogo tu. Daktari Harada Masazumi alisaidia kulithibitisha kwa vitovu vilivyokauka, kwa kuwa familia za Japani zina desturi ya kuhifadhi kitovu cha mtoto, na ndani ya vitovu hivyo zebaki ilikuwa bado ipo, mwaka kwa mwaka. Mama walikuwa wameponea kwa kuwa sumu ilikuwa imeingia kwa watoto wao.

Wanaoishi kando ya mito waitazame pia Niigata, mahali pengine nchini humohumo, ambako ugonjwa uleule ulitokea 1965 kwenye Mto Agano, chini ya kiwanda kingine. Minamata ilikuwa bahari. Agano ni mto, na waliougua ni wavuvi wa kando yake. Na waitazame Kanada, kwa jamii ya Grassy Narrows: kiwanda cha karatasi cha Dryden kilimwaga takriban tani 9 za zebaki kwenye mfumo wa mto English-Wabigoon kati ya 1962 na 1970. Kumwaga kulikoma. Uvuvi wa biashara ulifungwa 1970. Zaidi ya nusu karne baadaye, samaki wa huko bado wana zebaki na watu bado wanaishi na madhara yake. Mto hausafishiki kwa sababu tu mlango wa sumu umefungwa.

Samaki nawatetea, na hapa natofautiana na baadhi ya wenzangu. Nimesikia vijiji vikiambiwa waache samaki kabisa. Kwa familia ambayo samaki ndiye protini yake, na ndiye anayempa mtoto mafuta yanayojenga ubongo uleule tunaotaka kuulinda, ushauri huo unaumiza kwa njia nyingine. Ninachosema ni kuchagua. Samaki wadogo, samaki wachanga, na wale wanaokula majani na mwani wana zebaki kidogo zaidi. Wakubwa, wazee, wanaokula samaki wenzao, hao mjamzito, anayetarajia kupata mimba, anayenyonyesha na mtoto mdogo wawakwepe, hasa wakivuliwa chini ya mwalo. Bahati ni kwamba zebaki ya methili hutoka mwilini: karibu nusu yake huondoka katika muda wa miezi miwili hivi, kama hujaongeza nyingine. Msichana anayebadilisha samaki anaokula miezi kadhaa kabla ya kushika mimba anampa mwanawe kitu ambacho dawa haiwezi kumpa baadaye. Dawa za kutoa metali mwilini zipo, na zinasaidia katika sumu ya aina fulani, lakini ubongo uliokwisha kuharibika na zebaki ya methili hazijui kuurudisha.

Kunyonyesha kuendelee. Kiasi kinachopita kwenye maziwa ni kidogo kuliko kinachopita tumboni, na faida ya maziwa ni kubwa. Nimekuta mama aliyemwachisha mtoto ziwa kwa hofu baada ya mkutano uliofanywa kwa haraka, na nilihuzunika sana.

Kwa wachomaji, kinachobadilisha zaidi ni mahali na chombo. Mahali pawe wazi, mbali na makazi, chini ya upepo unaotoka majumbani, bila watoto. Chombo ni ritoti: kikombe cha chuma kinachofungwa, chenye bomba linaloelekea chini hadi kwenye maji baridi. Donge linapashwa ndani, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, unageuka zebaki tena. Ikitumika vizuri inaokoa zaidi ya asilimia 90, na mchenjuaji anairudisha kazini. Wanaikataa kwa sababu moja ninayoielewa: donge likiwa ndani ya chuma, mwenye mzigo haioni dhahabu yake. Pale tulipofanikiwa, ni pale wenye mzigo walipokaa pamoja wakaona donge likipimwa kabla na dhahabu ikipimwa baada, tena na tena, mpaka shaka ikaisha. Ipo pia njia isiyo na zebaki kabisa, ya kuosha kwa umakini zaidi na kuyeyusha kwa boraksi (aina ya chumvi ya madini), ambayo wachimbaji wadogo wa kaskazini mwa Luzon, Ufilipino, wameitumia kwa miongo mingi. Inadai mchanga uoshwe vizuri mno mwanzoni, na si kila mwamba unaikubali.

Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki ulipitishwa Oktoba 2013 na kuanza kufanya kazi Agosti 2017. Kwa wachimbaji wadogo unazitaka nchi zenye uchimbaji huo kwa kiasi kisicho kidogo kuondoa mambo manne: kumwaga zebaki kwenye mawe yote yanayosagwa, kuchoma wazi, kuchoma kwenye makazi, na kutumia sainaidi (kemikali ya sumu ya kutolea dhahabu) kwenye marudio yenye zebaki bila kuitoa kwanza. Marufuku peke yake, nimeona, inawasukuma watu ndani. Doria ikianza mwaloni, donge linahamia jikoni.

Jambo la nne ndilo linalonikosesha raha zaidi kwa sasa. Marudio ya zamani bado yana dhahabu, na wanunuzi wanakuja kuyasomba wakayapitishe kwenye matangi ya sainaidi. Sainaidi inayeyusha dhahabu, na inayeyusha zebaki pia. Ile metali iliyokuwa imelala kwenye tope kwa uzito wake inageuka kitu kinachotembea na maji, kinachofika mbali zaidi chini ya mto na kuwa chepesi kwa bakteria kukibadilisha. Kijiji kilichokuwa salama kwa sababu ya umbali kinaweza kupoteza usalama huo bila kuona mchenjuaji hata mmoja. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu kwa kila rundo la marudio: lihamishwe juu ya usawa wa mafuriko, lizungushiwe ukingo kabla ya mvua, na lisiuzwe kwa kazi ya sainaidi mpaka lipimwe. Kwa sasa tunachota tope mbali zaidi kuelekea chini ya mto kuliko tulivyozoea, na kwenye kila kituo tunavua samaki wa aina ileile na wa ukubwa uleule, ili mwakani tuwe na cha kulinganisha.